Peugeot kuukuu, matairi mapya: Mwongozo wa kuchagua yanayofaa

MSAFIRI aliyetoka Nairobi kwenda Embu au Meru katika miaka ya 1970 na 1980 aghalabu alijipata ndani ya Peugeot 504 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Matatu za Kijapani zilikuja baadaye zikaichukua kazi hiyo, lakini hazikulifuta gari lenyewe. Hadi leo zimo 504 katika nyua za wakulima wa majani chai na kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Nyingine ni pikapu zinazobeba ndizi na nyasi za ng'ombe. Nyingine ni urithi wa baba au babu, na wanawe wameapa kutoliuza.

Gari la aina hii likifikisha umri wa miaka 30, 40 au 50, injini yake huweza kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati, bodi ikanyooshwa na kupakwa rangi, na viti vikashonwa upya. Jambo linalopewa nafasi ya mwisho ni matairi. Mwenye gari huingia dukani akamwambia muuzaji ampe "ya inchi 14", akalipa na kwenda zake. Tairi linaingia kwenye rimu, gari linatembea, na kila mtu anaridhika. Kosa hudhihirika siku ambayo gari limejaa mzigo, mvua inanyesha, na mbele kuna mteremko.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua matairi ya Peugeot 504, pamoja na Land Rover za zamani ambazo nazo zingali zinatumika sehemu za Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Hoja kuu ni moja: tairi linaloingia kwenye rimu si lazima liwe ndilo tairi la gari hilo. Mambo matano ndiyo yanayoamua, nayo ni kimo cha tairi, upana wake kwenye rimu, uwezo wake wa kubeba, muundo wake, na umri wake.

Gari lenyewe

Kampuni ya Peugeot ilizindua 504 nchini Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata likatawazwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Katika Afrika Mashariki jina la kampuni hiyo lilikuwa limekwisha kujengwa na mtangulizi wake, Peugeot 404, ambayo ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Gari la 504 nalo lilitwaa ushindi huo mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Magari hayo yaliundwa pia hapa nchini, katika kiwanda cha kuunganisha magari mjini Mombasa, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka wa 2004.

Msomaji atambue kwamba 504 si gari moja. Saluni nyingi za 504 zina springi zinazoruhusu kila gurudumu la nyuma kupanda na kushuka peke yake. Lile la familia lina ekseli moja ngumu upande wa nyuma, inayobebwa na springi nne za koili, kwa sababu liliundwa kubeba watu wengi na mizigo yao. Kwa hiyo hata matairi yao hayakuwa sawa. Saluni kwa kawaida ilivishwa tairi la 175 R14, ilhali gari la familia lilivishwa la 185 R14 lililoimarishwa. Mwenye gari asikisie. Athibitishe kwa kitabu cha gari lake au kibandiko cha kiwandani iwapo bado kipo, kwani gari lililopitia mikono mingi huenda lilishabadilishiwa rimu bila yeye kujua.

Zamani kipimo hicho hakikuwa na taabu kupatikana. Kiwanda cha Firestone jijini Nairobi, ambacho baadaye kilijulikana kama Sameer Africa na kuuza matairi kwa jina la Yana, kilitengeneza matairi nchini kwa miongo kadhaa hadi kilipofungwa mwaka wa 2016. Leo tegemeo ni matairi yanayoagizwa kutoka nje, na mwagizaji huagiza vipimo vya magari yaliyo mengi barabarani. Gari lililo adimu hubaki likitafutiwa mbadala. Hapo ndipo maarifa yanapohitajika.

Kusoma ubavu wa tairi

Kila tairi limeandikwa ubavuni habari zake zote. Tuchukue mfano wa maandishi 185/65 R14 86T. Nambari 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 65 ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo, yaani asilimia 65 ya milimita 185. Herufi R ni ishara ya tairi la rediali, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 86 ni fahirisi ya uzito, na herufi T ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi linaweza kuuhimili, yaani kilomita 190 kwa saa.

Matairi ya zamani yaliandikwa kwa ufupi, kwa mfano 175 R14, bila nambari ya katikati. Hii haimaanishi kwamba hayana kimo. Pale ambapo nambari hiyo haipo, kimo cha ubavu huchukuliwa kuwa karibu asilimia 80 ya upana. Kutolifahamu hili ndiko chanzo cha makosa mengi, maana mnunuzi huona 185 kwenye tairi kuukuu na 185 kwenye tairi jipya, akadhani ni kitu kimoja.

Herufi C ikifuata kipimo, kama ilivyo katika 185 R14C, ina maana kwamba tairi limeundwa kwa ajili ya magari ya kibiashara: pikapu na magari ya mizigo myepesi. Ubavu wake ni mgumu zaidi, na hujazwa upepo mwingi kuliko tairi la kawaida.

Kimo cha tairi

Kimo cha tairi zima hupatikana kwa kuongeza mbavu mbili, ya juu na ya chini, kwenye kipenyo cha rimu. Rimu ya inchi 14 ni milimita 356. Kwa hesabu hiyo, tairi la 175 R14 lina kimo cha takriban milimita 635, na la 185 R14 takriban milimita 650.

Sasa tulinganishe na matairi ya inchi 14 ambayo mnunuzi anaweza kuonyeshwa dukani. Tairi la 185/65 R14 lina kimo cha milimita 596. La 185/70 R14 lina milimita 615. La 195/70 R14 lina milimita 629, na la 205/70 R14 lina milimita 643. Yote yanaingia kwenye rimu yenye kipenyo cha inchi 14, lakini kati ya lililo fupi na lililo refu kuna tofauti ya karibu sentimita 5.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba kimo cha tairi mbadala kisipishane na cha asili kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa saluni iliyotoka kiwandani na 175 R14, tairi la 195/70 R14 linapungua kwa asilimia 1 tu, na hivyo linakubalika. La 185/70 R14 linapungua kwa asilimia 3 na ushei, kwa hivyo limesimama kwenye ukingo. Kwa gari la familia, kuvisha 185/65 R14 badala ya 185 R14 ni kulipunguza gurudumu kwa asilimia 8.

Asilimia hiyo 8 ina maana gani barabarani? Kwanza, tumbo la gari linashuka kwa karibu milimita 27, jambo ambalo dereva atalihisi pindi atakapopita kwenye barabara ya udongo yenye mgongo katikati. Pili, kipimamwendo kitadanganya: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari litakuwa likienda kama 73. Tatu, injini italazimika kuzunguka zaidi ili kwenda mwendo ule ule, na mafuta yatateketea bila faida. Kinyume chake, tairi refu kupita kiasi hulifanya gari liwe zito kupanda mlima, na humfanya dereva aamini kwamba anakwenda polepole kuliko hali halisi. Kati ya makosa hayo mawili, hili la pili ndilo la hatari zaidi kwa dereva anayeteremka.

Upana na rimu

Mtindo wa kuvisha magari ya zamani matairi mapana una historia yake. Ulipata umaarufu kwa sababu ya magari ya Marekani yenye injini kubwa, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Hata hivyo, mtu anayetazama picha za siku hizi za magari hayo anaweza kupotoka. Pontiac GTO ya mwaka wa 1964, ambayo wengi huitaja kuwa mwanzilishi wa kundi hilo, ilitoka kiwandani na matairi ya 7.50-14, yaani upana wa inchi 7 na nusu, sawa na milimita 190 hivi. Upana unaoonekana leo uliongezwa na wenye magari baadaye.

Peugeot 504 ilikuja na rimu nyembamba, na ndivyo ilivyokusudiwa. Tairi pana likivishwa rimu nyembamba, mbavu zake hubanwa ndani na uso wake hutuna katikati kama mgongo wa kobe. Sehemu inayogusa lami hupungua badala ya kuongezeka, na katikati ya tairi huisha mapema. Kwenye kona ubavu huo uliobanwa huyumba, na usukani huchelewa kuitikia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tazama upana uliopigwa mhuri kwenye rimu yenyewe, kisha muulize muuzaji upana wa rimu unaoruhusiwa na mtengenezaji wa tairi hilo. Isitoshe, pima nafasi. Gari likiwa limepakiwa, zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, ukiangalia kama tairi linagusa madigadi, springi au paipu ya breki. Tairi linaloikwaruza paipu ya breki halitoi onyo la pili.

Wako wanaotoroka taabu ya kutafuta inchi 14 kwa kuvisha rimu za inchi 15 kutoka gari jingine. Ni kweli kwamba tairi la 195/65 R15, ambalo ni rahisi kupatikana, lina kimo cha milimita 635, sawasawa na lile la saluni. Lakini rimu ya gari jingine huweza kutofautiana kwa idadi ya matundu ya nati, umbali kati ya matundu hayo, ukubwa wa tundu la katikati, na jinsi inavyoingia ndani au kutokeza nje. Rimu inayohitaji kutobolewa upya au kupachikwa vipande vya chuma ili ikae si mbadala. Ni ajali inayosubiri siku yake.

Uzito

Hiki ndicho kipengele kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho kinachoua. Fahirisi ya uzito iliyoandikwa ubavuni si kilo zenyewe, bali ni nambari ya orodha. Fahirisi 82 ni kilo 475 kwa kila tairi. 86 ni kilo 530. 88 ni kilo 560. 90 ni kilo 600. 91 ni kilo 615. 95 ni kilo 690. 100 ni kilo 800, na 102 ni kilo 850.

Tutoe mfano. Ikiwa ekseli ya nyuma ya gari inabeba kilo 1,200 gari likiwa limejaa, kila tairi la nyuma linabeba kilo 600, na fahirisi yake haipaswi kupungua 90. Mwenye gari akivisha 185/65 R14 yenye fahirisi 86, matairi yake mawili yana ruhusa ya kubeba kilo 1,060 tu. Ameyatwika kilo 140 zaidi ya uwezo wake, na hiyo ni kabla ya kumpakia jirani aliyesimama kando ya barabara na gunia lake la viazi.

Tairi lililolemewa halipasuki papo hapo. Ubavu wake hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Joto huulegeza mpira na kuutenganisha na nyuzi zilizo ndani. Baada ya muda uso wa tairi hubanduka au ubavu hupasuka, na aghalabu hilo hutokea gari likiwa katika mwendo wa kasi na jua likiwa kali. Mwenye gari hulaumu msumari au shimo, ilhali kosa lilifanywa dukani.

Kwa gari la familia na pikapu zinazobeba mizigo, tairi la 185 R14C ni chaguo jema: kimo chake ni kile kile cha asili, na lile lenye fahirisi 102 hubeba kilo 850. Lakini mwenye saluni asifikirie kwamba lililo imara kwa pikapu ni bora kwake pia. Ubavu mgumu wa tairi la C chini ya gari jepesi hulifanya gari kurukaruka kwenye matuta, na gurudumu lililo hewani halishiki barabara.

Rediali na krosplai

Matairi ya rediali yana nyuzi zinazokatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, pamoja na mkanda chini ya uso wa tairi. Matairi ya krosplai, ambayo ni ya mtindo wa kale zaidi, yana nyuzi zinazopishana mshazari. Rediali hushika barabara vizuri zaidi na hudumu zaidi. Krosplai ina mbavu nene na bado hutumiwa kwenye baadhi ya magari ya kazi.

Tabia zake kwenye kona hazifanani hata kidogo. Ndiyo sababu ni mwiko kuchanganya rediali na krosplai kwenye ekseli moja. Iwapo hali inamlazimu mwenye gari kutumia jozi moja ya kila aina, rediali ziwekwe nyuma. Zikiwekwa mbele, sehemu ya nyuma ya gari huteleza kabla ya ya mbele, na gari hugeuka kichwa mkia.

Hata kwa matairi ya aina moja, jozi iliyo bora na iwe nyuma. Wengi hupendelea kuweka mapya mbele kwa sababu ya usukani. Hata hivyo, sehemu ya mbele ikiteleza dereva huhisi mapema na huweza kupunguza mwendo, ilhali sehemu ya nyuma ikiteleza, ni wachache wawezao kulirudisha gari kwenye njia.

Land Rover na suala la tyubu

Kwa wenye Land Rover za zamani mambo ni tofauti kidogo. Yale mafupi, ya inchi 88, kwa kawaida yalivishwa matairi ya 6.00-16, na yale marefu, ya inchi 109, yalivishwa 7.50-16. Hizi ni inchi za upana na inchi za rimu. Mbadala wa kisasa ulio karibu na 6.00-16 kwa kimo ni 205 R16, na ulio karibu na 7.50-16 ni 235/85 R16. Kabla ya kuvisha hilo la mwisho ni lazima kuthibitisha upana wa rimu, kwani rimu nyingi za asili ni nyembamba mno kwalo. Tairi la 7.50 R16 bado hutengenezwa, na ndilo jibu lisilo na maswali.

Jambo la kuzingatia zaidi ni rimu. Rimu nyingi za Land Rover za kale ziliunganishwa kwa ribiti, na upepo huvuja kwenye viungo hivyo. Aidha hazina ule ukingo mdogo wa ndani unaolizuia tairi lisitoke mahali pake upepo unapopungua. Rimu ya namna hiyo ni lazima itiwe tyubu, hata kama tairi lenyewe limeandikwa kwamba halihitaji. Tyubu iwe ya kipimo cha tairi hilo na iwe inafaa kwa rediali, na sehemu ya ndani ya tairi ipanguswe, kwa maana vibandiko na mchanga vikiachwa humo huisugua tyubu hadi ikatoboka.

Tena, Land Rover za aina hiyo hazina difu ya katikati. Gia ya magurudumu manne inapotiwa, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka sawasawa. Matairi yakipishana kimo, gia na shafti hupigana zenyewe kwa zenyewe hadi kitu kikatike. Dereva anayepanda kutoka Chogoria kuelekea lango la mbuga ya Mlima Kenya, katika njia ya msituni inayofikia karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, asingependa kitu hicho kikatikie huko. Matairi yote manne, pamoja na la akiba, yawe ya kipimo kimoja.

Umri wa tairi

Gari la kale aghalabu halitembei sana. Hutolewa Jumapili, siku ya harusi, au siku ya kwenda sokoni. Kwa sababu hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kuisha. Mwenye gari hutazama mikato, akaona ingali mirefu, akaamini kwamba tairi ni jipya. Ilhali mpira huharibiwa na hewa, jua na joto hata ukiwa umesimama.

Umri husomwa ubavuni, mwishoni mwa msururu wa maandishi unaoanza na herufi DOT. Nambari nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Likiwa na nambari tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka wa 2000, na halifai kwa lolote ila kupandia maua. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotumika miaka 5 lichunguzwe na fundi kila mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe, hata kama halionyeshi dosari. La akiba nalo lihesabiwe.

Ulimwengu ulipata funzo kuhusu jambo hili mwishoni mwa mwaka wa 2013, mwigizaji wa filamu Paul Walker alipofariki katika jimbo la California, Marekani, akiwa abiria katika gari aina ya Porsche. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa mwendo wa kasi, lakini wakataja pia kwamba matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka 9. Lilikuwa gari la thamani kubwa, lililotunzwa, ambalo halikuwa limetembea sana. Matairi yalikuwa yamezeeka kimyakimya.

Kwa mikato, mpaka ni milimita 1.6. Ndani ya mifereji ya tairi mna vituta vidogo. Uso wa tairi ukishuka ukalingana navyo, tairi limekwisha. Nyufa ubavuni, uvimbe, au nyuzi zinazochungulia ni sababu tosha ya kulitupa bila kusubiri mpaka huo.

Barabara za kwetu

Barabara kuu ya Embu hadi Meru hupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, ikipanda na kushuka katika mabonde ya mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya. Kusini yake, tambarare za Mwea na nchi ya Mbeere, sehemu za Siakago na Kiritiri, zina joto na miiba. Juu, kwenye maeneo ya majani chai na katika vilima vya Nyambene, udongo ni mwekundu na huteleza mithili ya sabuni wakati wa mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Kwa gari linalotembea zaidi kwenye lami, mikato ya kawaida yenye mifereji mirefu ya kutoa maji inatosha. Kwa gari linaloingia mashambani kila siku, mikato mipana yenye mapengo hujisafisha matope, ingawa hupiga kelele na hushika lami iliyolowa kwa udhaifu zaidi. Kwa anayeshuka Mbeere mara kwa mara, ubavu imara una thamani kuliko mikato mikali.

Mahali ambapo uamuzi huo hupimwa ni kwenye miteremko, na hakuna unaojulikana zaidi ya ule wa Daraja la Nithi. Mnamo Julai 24, 2022 basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia bondeni hapo na zaidi ya watu 30 wakaaga dunia. Taarifa za awali zilitaja kushindwa kwa breki, si matairi. Lakini funzo linamhusu kila dereva: breki husimamisha gurudumu tu, kinachosimamisha gari ni tairi. Breki nzuri juu ya tairi kipara ni sawa na kushika kamba isiyofungwa popote.

Wakati wa kufunga

Tairi sahihi huweza kuharibiwa na ufungaji mbaya. Rimu isafishwe kutu na kukaguliwa kama ina nyufa, hasa kuzunguka matundu ya nati. Rimu iliyopasuka haichomelewi, na ni hatari ya mauti kuichomelea tairi likiwa bado limo, kwa kuwa joto huweza kulilipua. Valvu ziwe mpya. Magurudumu yafanyiwe balansi, na alaimenti ikaguliwe. Nati zikazwe kwa kukatiza, si kwa kufuatana, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa gari. Nambari ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni upeo wake, si kiwango cha kufuata. Endapo tairi la C limevishwa mahali pa tairi la kawaida, kiwango cha kitabu huenda kisitoshe gari likiwa limejaa. Fundi afuate jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Usione vyaelea, vimeundwa. Waliounda 504 walipima gari zima, kuanzia springi hadi kipimamwendo, kwa kimo na nguvu ya tairi moja. Anayetaka gari hilo limfikishe Meru na kumrudisha na aende dukani akiwa na karatasi yenye mambo manne: kipimo cha asili, upana wa rimu, uzito wa ekseli gari likiwa limejaa, na mwaka ambao hataki tairi liwe limetengenezwa kabla yake. Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo, aagwe kwa heshima, na duka jingine litafutwe.